Fundi Aliyewafua Dubu

Nguo chafu hakupokea. Uwe nani, uje na haraka gani, ulie mlangoni ukitaka, kama suruali uliyoleta kupunguzwa ilikuwa na harufu ya juzi, Fundi aliishika kwa vidole viwili, akakurudishia, akasema, "Kaifue kwanza, mwanangu. Cherehani yangu haishoni jasho la mtu." Nimemwona kwa macho yangu mwanamume mzima, mwenye kazi yake ya benki, akirudi kwenye lifti na koti lake mkononi, kanywea kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

Jengo zima tulimwita Fundi. Sisi wa Afrika Mashariki, Wasomali, Waafghani wa ghorofa ya tisa, hata meneja wa jengo, ambaye hakujua neno lina maana gani. Niliishi mlango wa tatu kutoka kwake, hapa Flemingdon Park, huku ughaibuni, kwa miaka kumi na sita, na sikumbuki siku niliyomwita vingine. Mlango wake sasa una wapangaji wengine, na wanapika kwa vitunguu vingi mno. Kila nikipita pale pua yangu inatafuta sabuni ya mche na chuma cha pasi cha moto, haivipati, nami naudhika bila haki.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na mdomoni daima mna pini. Alizungumza na pini zake, alicheka nazo, alikugombeza nazo, na katika miaka yote ile hakumeza hata moja. Shingoni ilining'inia futi ya kupimia. Hiyo alikuwa hakumbuki kabisa kwamba ameivaa. Alikwenda nayo hospitali, sokoni, msibani. Siku moja tulialikwa harusi Thornhill, kwa wateja wake, wale akina mama wa Kihindi waliozaliwa Tanga na Dar es Salaam ambao walimfuata kwa magari mpaka kwetu na vitambaa vyao kwenye mifuko mizuri, wakakaa kitandani kwake wakisengenya kwa Kiswahili cha zamani kuliko changu. Fundi alivaa buibui jipya, akajifukiza udi, akajitazama kwenye kioo cha lifti. Picha zilipotoka, yupo kando ya bibi harusi, anatabasamu, na futi ya njano shingoni. Nilimwuliza mbona hakuna aliyemwambia. "Walidhani mkufu," akasema.

Kitu kingine alichokuwa hakipendi ni amri. Si kwamba alikuwa mkaidi. Alitaka sababu tu. Daktari wake wa kwanza alimwambia aache chumvi, akaitikia vizuri, akarudi nyumbani akala samaki wa chumvi. Daktari wa pili, kijana wa Kinaijeria, alichukua karatasi akamchorea figo mbili na njia za maji. Tangu siku hiyo Fundi hakugusa chumvi, na sisi majirani hatukupumua. Alikuja na ile karatasi mpaka jikoni kwangu, akaibandika kwenye friji. "Mtu asiponipa sababu nafanya langu," alikuwa akisema. "Akinipa, namsikiliza kuliko alivyotaka." Nilikuwa nikicheka nikimsikia. Laiti ningemwamini, mambo ya Jumamosi ile yasingetokea.

Alikuwa na mambo yake yanayopingana. Alilaani theluji kuanzia Oktoba, lakini ilipoanguka ya kwanza ni yeye aliyegonga mlango wangu nikaitazame. Alibana uzi hadi akaokota vipande sakafuni, halafu akamshonea mjane wa ghorofa ya nne mapazia ya nyumba nzima bure. Na alimlalamikia yule bibi wa Mount Dennis kila siku ya Mungu, mtu ambaye naamini alimpenda kuliko sisi sote.

Bibi wa Mount Dennis alikuwa mzungu mzee, aliyeishi peke yake katika nyumba nyembamba ya matofali. Hakuwa na mtoto. Mara tatu kwa wiki, kwa miaka kumi na mmoja, Fundi alipanda mabasi ya barabara ya Eglinton kwenda kumsafishia, kumpikia, na baadaye kumwosha na kumlisha. Alirudi amechoka, akafikia kwangu kunywa chai, na malalamiko yake yalikuwa juu ya dubu. Bibi yule alikusanya dubu wa kuchezea, wale wa manyoya, wa zamani, wengine wazee kuliko yeye. Walikaa kwenye ngazi, kwenye viti, juu ya piano.

"Nahamisha wanne ndipo nipate pa kuweka makalio," alisema Fundi. "Na kila mmoja ana jina, na lazima niyajue yote! Leo kanigombeza, ati nimemweka fulani karibu na fulani na hawapatani."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikawatenganisha. Ningefanyaje? Kweli wanaonekana hawapatani."

Siku za Idi alimpelekea vitumbua. Bibi alipoanza kusahau watu, majina ya dubu aliyakumbuka, na Fundi alikuwa akimtajia mmoja mmoja ili azungumze. Wiki za mwisho Fundi alilala kule kule, kwenye kiti. Bibi alikufa ameshika dubu mmoja mwenye jicho moja na tumbo lenye upara, ambaye babake alimpa alipokuwa mtoto.

Mwezi mmoja baadaye mpwa wa bibi alifika jengoni kwetu na gari dogo la mizigo. Nyumba ilikuwa yake, akasema, lakini wosia uliandika kwamba dubu wote arobaini na mmoja ni wa Fundi, kwa sababu ndiye anayewajua kwa majina. Tulipandisha maboksi kwa lifti. Mpwa alipoondoka, Fundi alisimama katikati ya chumba mikono kiunoni.

"Miaka kumi na mmoja namwosha miguu," akasema, "ananiachia midoli!"

Kisha akafungua boksi la juu. Yule wa jicho moja alikuwa amelazwa juu ya wenzake. Fundi akakaa chini sakafuni pale pale, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia. Nilikaa karibu naye. Nikamshika mkono.

Kuishi na dubu arobaini na mmoja katika chumba kimoja na sebule si mchezo, hasa kwa mtu anayeswali swala tano. Fundi aliamini malaika hawaingii penye sanamu. Nilimwambia hivi ni vitu vya watoto, vina ruhusa. "Mimi mtoto?" akaniuliza. Basi kila wakati wa swala ukifika aliwageuza nyuso ukutani, akawafunika kanga, akaswali. Akimaliza aliwafunua mara moja, asije akawanyima hewa. Niliona jambo hili kwa miezi, likawa la kawaida kwangu, nami nikawa namsaidia kufunika kama nimefika wakati huo.

Tanga alikuwa na dada yake, wa pekee aliyebaki. Hawakuwa wameonana kwa muda mrefu sana, maana kila Fundi alipokaribia kupata nauli palitokea karo ya mtoto wa mtu, au bati la nyumba limechukuliwa na upepo. Sasa dada alikuwa anapofuka. Jicho moja lilikwisha, la pili lilikuwa linafifia, na madaktari wa kule walisema halitibiki. Fundi aliniambia hayo huku akipiga pindo, hakuinua kichwa.

"Nataka anione," akasema. "Mimi naweza kumwona wakati wowote nikifika. Yeye ndiye hana wakati."

Tulitaka kumchangia. Akina mama wa Thornhill walikuwa tayari, msikiti ulikuwa tayari. Alikataa kata kata. Alisema ana mikono miwili na dubu arobaini na mmoja, sadaka iende kwa mwenye shida. Ndipo mimi, jirani mwenye simu nzuri na Kiingereza cha ofisini, nikajitwisha kazi ya kuwauza.

Niliwapiga picha, nikatafuta, nikampata mzee mmoja anayenunua midoli ya kale. Alijibu siku hiyo hiyo. Picha zilimfurahisha mno, na alisema kama dubu ni hao kweli, atawachukua wote, na nauli ya Tanga ingepatikana na ya kurudi na ziada. Aliandika jambo moja kwa msisitizo: wasisafishwe, wasishonwe, lisitolewe hata vumbi.

Jumatano ile nilikuwa nakimbilia basi. Nilipita mlangoni kwa Fundi, kiatu kimoja sijakifunga.

"Fundi, mnunuzi anakuja Jumamosi asubuhi! Usiwaguse dubu kabisa, sawa?"

"Kwa nini?"

"We usiwaguse tu. Nitakueleza jioni."

Jioni nilichoka. Alhamisi nilisahau. Ijumaa nilisikia maji yakimwagika kwake kutwa nzima, nikafikiri anafua mapazia.

Jumamosi kulikuwa na jua zuri la Mei. Mnunuzi alikuja, mzee mwembamba, mpole, na glavu nyeupe mfukoni. Fundi alitufungulia mlango kavaa nguo ya Idi. Chumba kilinukia sabuni. Nikatazama roshani. Dubu walikuwa wamening'inia kwenye kamba, mstari mzima, kila mmoja amebanwa masikio kwa vibanio vya nguo, wanatona maji. Manyoya yamechanwa. Macho yote mawili mawili, meusi, mapya, vifungo vya koti. Matumbo yamejaa, yamenona.

"Karibuni," alisema Fundi kwa fahari. "Mwambie asamehe, wengine hawajakauka vizuri. Walikuwa na maranda ya mbao tumboni, masikini! Nimetoa yote, nimewajaza pamba safi. Mtu gani anauza kitu kina taka tumboni?"

Mzee alivaa glavu zake, akamshika mmoja, akamgeuza, akatafuta kitu sikioni. Aliuliza kilipo kifungo kidogo cha chuma, alama ya kiwanda. Nikatafsiri.

"Aa, vile? Nimevitoa, vilishika kutu." Fundi akaleta kopo lake kubwa la vifungo, lenye vifungo vya miaka yote ya ushonaji wake, akalitikisa. "Vimo humu."

Mzee hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alieleza polepole, nami nikatafsiri kila neno, kwamba watu wa kazi yake hununua ukale: vumbi lenyewe, maranda yenyewe, jicho lililopotea na kutorudishwa. Dubu hawa walikuwa na umri, alisema, na sasa hawana tena.

"Yaani watu hununua uchafu?" Fundi aliniuliza.

"Hununua ukale, Fundi."

Akanigeukia. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Jumatano, pale mlangoni, ulijua?"

"Nilijua."

"Nami nilikuuliza kwa nini."

"Uliniuliza, Fundi."

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa pini mpaka zikaisha. Nilikuwa sijawahi kuuona mdomo wake mtupu. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane.

"Ulikuwa na haraka," akasema.

Mnunuzi alikuwa anaelekea mlangoni alipomwona yule wa jicho moja. Dubu huyo alikaa kwenye kiti nyuma ya cherehani, mkavu, na tumbo lake lile lile lenye upara, na kifungo cha chuma sikioni. Mzee alipiga magoti. Huyu, alisema, ndiye mkubwa wao. Huyu peke yake angemnunua kwa bei ambayo, nilipoitafsiri, ilikuwa inatosha kumfikisha Fundi Tanga.

Fundi akamchukua dubu, akamweka kifuani. "Huyu hauzwi."

Mnunuzi alipokwisha kwenda nilimwuliza Fundi kwa nini huyu hakumfua. Alinisogezea tu. Nikanusa. Kulikuwa na dawa ya kuchua kifua, na poda, na chini yake harufu ya nywele za mtu mzee. Fundi, aliyemrudisha mtu wa benki na koti lake, alikuwa na kitu kimoja duniani ambacho sabuni isingekigusa.

Siku chache baadaye nilimpelekea pesa zangu mwenyewe, za nauli, katika bahasha. Alizirudisha bila kufungua. "Hizo ni za majuto," akasema. "Majuto kaa nayo, yatakufaa." Nilirudi kwangu nikalia kwa hasira na aibu, sijui kipi kilizidi.

Wale arobaini aliwauza mwenyewe, mezani, kule chini karibu na lifti. Aliwashonea kanzu na magauni ya vipande vya kanga na mabaki ya hariri za maharusi wa Thornhill. Bei ilikuwa ndogo, na wasio na kitu walichukua hivyo hivyo. Alikuwa na sharti moja. "Mikono!" aliamuru, na watoto, ambao Kiswahili wanakisikia lakini hawakijibu, walinyoosha viganja wakisema, "I washed them, Fundi, look!" Aliwaeleza na sababu pia: huyu ametoka kuoga. Mpaka leo nikipanda lifti hukutana na dubu mwenye kanzu amekumbatiwa na mtoto, ananukia kama nyumba ya Fundi. Lakini nauli haikutimia, wala haikukaribia. Kiangazi kikapita. Alinifungulia mlango kama zamani, alinimiminia chai kama zamani, na Tanga hatukuitaja.

Novemba, siku ya theluji ya kwanza, aligonga mlango wangu. Nilikwenda dirishani mwenyewe, nikajua amekuja kwa ajili hiyo. Hakutazama nje.

"Leo nimempigia dada simu ya picha," akasema. "Kaniuliza, wewe nani? Nikasema ni mimi. Akasema anaona kivuli kinasema kwa sauti yangu. Ati karibu, juani, bado anaona uso. Bado kidogo." Akaketi. "Mpigie yule mtu wa glavu."

"Fundi, una hakika?"

"Yule bibi kafa, Mungu amrehemu. Dada yangu hajafa."

Mnunuzi alikuja Jumapili ile. Fundi alikuwa amemtia dubu ndani ya foronya nyeupe, ameipiga pasi hiyo foronya hadi imesimama, lakini dubu mwenyewe yu vile vile. Alimshikilia kidogo, akainamisha pua yake utosini mwake, akavuta pumzi ndefu, akampa.

"Mwambie asimfue," akaniambia.

"Fundi, huyu ndiye aliyesema wasifuliwe. Hawezi kumfua."

"Mwambie. Na umwambie kwa nini."

Basi nikamwambia. Safari hii sikuwa na basi la kukimbilia. Nilimweleza juu ya nyumba nyembamba ya Mount Dennis, na dubu wasiopatana, na majina yaliyotajwa mmoja mmoja, na kiti alicholalia Fundi, na mikono iliyomshika dubu huyu mpaka mwisho. Kila nilipotaka kufupisha Fundi alinitazama, nikaendelea. Mzee alisikiliza amesimama. Nilipomaliza alivua glavu zake, akazitia mfukoni, akampokea dubu kwa mikono mitupu. Hakumtia kwenye boksi alilokuja nalo. Aliondoka amembeba mkononi.

Fundi alisafiri kabla mwaka haujaisha. Aligawa vitu vyake kama mtu asiyerudi, na kweli hakurudi. Cherehani ilikwenda kwa mjane wa ghorofa ya nne. Mimi aliniachia kopo la vifungo, na ndani yake vile vya masikio ya dubu bado vimo, vimechanganyika na vingine, sijawahi kuvitafuta.

Ujumbe wake wa sauti ulinikuta kwenye basi, barabara ya Don Mills, madirisha yote yana ukungu. Niliusikiliza mara tatu, nikapitiliza kituo changu. Kulikuwa na kuku wanalia, na watu wanacheka kwa nyuma, na sauti yake haikuwa na pini hata moja.

"Mwanangu, nimefika. Tulikaa nje, juani, dada akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku, mimi nimenyamaza tu, naogopa. Halafu akasema, 'Umezeeka, we! Na hiyo futi shingoni ya nini?'"